Mkanda wa umeme wa kukata hamu ya kula, na mtambo wa ubongoni: kuna anayejua ukweli wake?

MamaSegerea

Habari za jioni wakuu.

Nina swali, na naomba wenye ujuzi waniwahi kabla wenye mizaha hawajafika, maana najua watafika tu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, arobaini nimeshaipita, natunza hesabu za duka la jumla la vitenge Kariakoo na naishi Tabata Segerea. Mara ya mwisho nilipopanda mzani ulisoma kilo 118. Urefu wangu sentimita 160. Msinipigie hesabu ya BMI (uzito kwa urefu), kupiga hesabu ndiyo kazi yangu: ni 46, na unene unaohesabiwa ugonjwa unaanzia 30.

Sijaja kuuliza nile nini. Hilo nalijua kuliko wengi watakaonijibu. Asubuhi natoka na chupa ya uji usio na sukari. Mchana mama lishe wetu ananipimia ugali usiozidi ngumi, mchicha wa kutosha na samaki wa kuchemsha, siku hizi hata haniulizi. Wenzangu dukani wanashushia soda, mimi maji. Mpaka saa kumi na moja jioni ukiniangalia utasema huyu mwanamke ana msimamo.

Balaa ni usiku. Gari likishapita kituo cha Bima, sijashuka bado, harufu yoyote sijaisikia, kuna kitu kinawaka kichwani. Si njaa. Njaa naijua, nafunga Ramadhani tangu utotoni na saumu hainisumbui. Hiki ni kingine. Kinaanza na picha: mayai yanavyomiminwa juu ya chipsi, kingo za zege zinavyokauka na kuwa kahawia, kachumbari yenye pilipili mbichi pembeni. Naanza kubishana nacho. Leo hapana. Haya, basi nusu. Haya, basi nichukue ya watoto. Nikija kushtuka nimeshalipa. Nyumbani nakula chumbani, mlango nimefunga, nakula haraka, baada ya tonge za mwanzo hata ladha siisikii, na siachi mpaka tumbo liume. Karatasi nalisukuma chini kabisa ya ndoo ya taka watoto wasije wakaliona asubuhi. Mwisho wa mwezi tunapofunga mahesabu ndiyo inakuwa kila siku.

Sasa nije kwenye swali. Mdogo wangu kanitumia video ya wanawake wa Marekani waliowekewa mtambo ndani ya ubongo, eti hamu ikitaka kuanza mtambo unaizima. Nikaangalia nikarudia. Haijapita wiki, niko saluni Sinza nasukwa, akaingia kijana na begi, anauza mkanda wa kuvaa kichwani. Anasema unapitisha umeme kidogo kwenye ubongo, unavaa dakika ishirini kila jioni, hamu ya kula inakatika, "ni ile teknolojia ya Marekani". Bei laki tatu na nusu, na anakubali kulipwa kidogo kidogo.

Naomba kujua: hiyo ya Marekani ni kweli au ni video za kutengeneza? Mkanda wa huyu kijana na ule mtambo ni kitu kimoja? Na mtu wa Dar mwenye shida kama yangu anakwenda wapi, ukiacha kwa wale wa majani ya kusafisha tumbo?

Kamanda_Temeke

Dada dawa ni kufunga mdomo. Basi. Bibi zetu walikuwa na mtambo gani kichwani? Walikuwa wanalima. Wewe shuka kituo kimoja kabla, tembea, pita upande wa pili wa barabara usimuone huyo wa chipsi. Laki tatu na nusu nipe mimi nikufungie kufuli ya mlango wa jikoni, na chenji narudisha.

Mnapenda kubadilisha tamaa kuwa ugonjwa.

MamaSegerea

Kamanda nilikuwa nakusubiri, karibu.

Upande wa pili wa barabara kuna mwingine, tena huyo ana na mishkaki. Kutembea natembea. Na mlango wa jikoni hauhusiki, mimi nakula vya kununua. Kama kuna mtu humu ameshindana na hicho kitu akakishinda kwa kujifokea, ajitokeze anieleze alijifokea maneno gani, nitayanakili.

FundiWaMashine

Salama dada. Mimi si daktari, ni fundi wa vifaa tiba, nashinda na mashine za hospitali, kwa hiyo nakujibu upande wa mashine. Upande wa mwili atakuja mwenye nao.

Video ya mdogo wako ina ukweli ndani yake. Kazi hiyo ilifanyika Chuo Kikuu cha Pennsylvania chini ya daktari wa upasuaji wa ubongo anayeitwa Casey Halpern, ikachapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Nature Medicine. Lakini wagonjwa walikuwa wawili. Narudia, wawili. Wote wanawake wenye unene uliopitiliza, wote walishafanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito na haukuwasaidia ilivyotarajiwa, na wote walikuwa na hali ya kula bila breki unayoieleza wewe.

Kifaa chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya chakula. Ni kifaa cha kifafa, Marekani kiliruhusiwa mwaka 2013. Kisanduku kidogo kinachongewa nafasi kwenye mfupa wa fuvu, kinapachikwa hapo, na nyaya nyembamba zinashuka hadi ndani ya ubongo. Kwa mgonjwa wa kifafa kinasikiliza umeme wa ubongo usiku na mchana, kikinasa dalili za kifafa kinarusha mpigo mdogo wa umeme kuzima kabla haijasambaa. Wanaofahamu vile vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo wanavyowekewa watu pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wataelewa haraka, ni ukoo mmoja, tofauti ni mahali.

Akina Halpern wakajiuliza: hamu nayo ina dalili zake kabla mtu hajatia kitu mdomoni? Kwenye panya walishaiona na kuichapisha mwaka 2017. Kwa wale wanawake wakashusha nyaya kwenye kieneo kinachoitwa nyukliasi akumbensi, kiko chini ndani kabisa, kila upande wa ubongo kimoja. Hapo ndipo dopamini inapomfanya mtu akitake kitu. Kukitaka, siyo kukifurahia, na ndiyo maana ladha inaweza kukupotea na mkono bado unaenda.

Sasa hapa ndipo mimi kama fundi niliposimama nikasoma tena. Miezi ya mwanzo hawakurusha umeme wowote. Walisikiliza tu. Wakawaandalia maabara vyakula wanavyovipenda kuliko vyote, wakawaangalia wakila huku kifaa kinarekodi. Na nyumbani wakapewa sumaku: hamu ikikushika, unaipitisha sumaku karibu na kichwa, kifaa kinaweka alama pale pale, usiku unapakua rekodi inakwenda kwa madaktari. Wakakuta wimbi la umeme la polepole linapanda muda mfupi kabla ya kula kule kusikozuilika, na kabla ya mlo wa kawaida halipandi hivyo. Ndipo wakakipanga kifaa kirushe umeme kila kinapoliona wimbi hilo.

Kwa hiyo dada, unaposema kinawaka Bima, hujashuka, hujanusa kitu, mimi sikuoni kama mtu anayetafuta kisingizio. Unaeleza kitu ambacho kuna watu wamekirekodi kwa waya.

Matokeo: baada ya miezi 6 ya kuwasha, matukio ya kula bila kujizuia yalipungua kwa wote, uzito ukashuka zaidi ya kilo 5 kila mmoja, na mmoja wao hakuwa tena na sifa za kuitwa mgonjwa wa hali hiyo. Angalia hizo kilo lakini. Kwa mtu wa kilo 118, kilo 5 au 6 hazikubadilishii gauni. Waliohesabu mafanikio walihesabu zaidi zile jioni zilizopita salama.

Na bei yake mwilini ni kutobolewa fuvu. Kuna hatari ya damu kuvuja ubongoni, kuna maambukizi, na betri ikiisha miaka ya mbele unarudi tena chumba cha upasuaji. Hakuna nchi ambayo unaweza kuingia hospitali ukasema nimekuja kuwekewa ya chakula. Ni utafiti, na wanaochukuliwa ni wale walioshindikana kwa njia nyingine zote.

Ubongo nao una vituko vyake. Toronto mwaka 2008, timu ya Andres Lozano ilimwekea nyaya mwanamume wa kilo kama 190 kwenye hipothalamasi, sehemu inayosimamia njaa. Walipowasha umeme pale mezani, yule bwana akajikuta anakumbuka wazi wazi siku aliyokuwa bustanini na marafiki zake miaka 30 nyuma, mpaka nguo walizovaa. Walikwenda kutafuta shibe wakaangukia kumbukumbu, na utafiti wao ukageukia Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Zipo njia mbili zisizotoboa. Moja ni sumaku: koili inawekwa juu ya kichwa, inatoa mipigo ya sumaku inayoamsha umeme ndani ya ubongo. Marekani inaruhusiwa kwa sonona tangu 2008, na kwa kuacha sigara tangu 2020. Kwa unene bado. Milan kuna kundi la Livio Luzi lililowapiga wagonjwa wanene mipigo hiyo mara tatu kwa wiki kwa wiki tano, wakapungua kuliko wale waliowekewa koili ya kuigiza. Kundi dogo, lakini kazi ya maana. Hiyo mashine ni kubwa, ina kiti chake, inaendeshwa na mtu aliyesomea. Haiingii kwenye begi la kijana.

Ya pili ndiyo huyo kijana anayoitaja bila kuijua. Unawekewa sponji mbili zenye maji ya chumvi kichwani, unapitishwa umeme wa miliampia 1 hadi 2 kwa dakika kama ishirini. Lengo ni kuamsha sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayosema "subiri kwanza". Tafiti zake zimeanza kitambo, ipo ya mwaka 2008 kuhusu hamu ya vyakula, lakini zinagongana: nyingine hamu imeshuka, nyingine hakuna tofauti na wale waliovalishwa mkanda uliozimwa. Na sehemu kubwa ya umeme huo inapita kwenye ngozi ya kichwa, inayofika ubongoni ni kidogo. Nywele zetu zilivyo nene, halafu uongeze rasta au wigi, sponji haigusi ngozi sawasawa. Umeme unajikusanya pale penye kijitobo unaunguza. Muulize kijana sponji inakaa wapi kwa mtu aliyesukwa.

BintiMbweni

Mimi niongezee la puto kwa sababu lazima litakuja.

Nilikuwa na kilo 109. Nikawekewa puto tumboni hapa hapa Dar (huduma hiyo ipo hata Mloganzila, hospitali yangu siitaji). Unalazwa kidogo, wanapitisha mpira kooni, puto linajazwa maji ndani ya tumbo, unakaa nalo miezi kama sita halafu wanalitoa. Siku za mwanzo ni kutapika mpaka unamtukana aliyekushauri. Baadaye ukila vijiko vichache umejaa.

Nilipungua, tena vizuri. Ila sikiliza, shoga: puto liko tumboni na wewe tatizo lako liko huku juu. Mimi nilikuwa nimeshiba nalia, kwa sababu picha za chakula zilikuwa zinaendelea kupita kama kawaida na mwili umekataa kupokea. Nikagundua aiskrimu inapita, haina haja ya kutafunwa. Mmenielewa. Puto lilipotolewa, picha zilikuwepo zinanisubiri, na kilo nyingine zikarudi.

Simkatishi mtu tamaa. Kuna wenzangu tuliwekewa kipindi kimoja, wao shida ilikuwa ujazo tu, sahani kubwa, mazoea ya kumaliza. Hao wamekaa vizuri mpaka leo. Yangu ilikuwa kama ya mama Segerea na hakuna aliyeniuliza kabla. Waliuliza kilo, sukari na presha.

BajajiUsiku

Fundi heshima yako. Swali fupi: mtu mwenye kifafa kwenye ukoo akivaa huo mkanda inakuwaje? Maana saluni hawaulizi.

SistaUpanga

BajajiUsiku umeuliza la maana, naanza na wewe. Mwenye kifafa, mwenye chuma chochote kichwani au kifaa cha moyo kifuani, na mjamzito, asiguse haya mambo bila daktari. Ile ya sumaku inaweza kuamsha kifafa, ni nadra lakini ipo, na ndiyo maana kwenye kituo cha kweli karatasi ya maswali inatangulia mashine.

Mama Segerea, mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimekaa na wagonjwa miaka mingi na nywele zimenibadilika rangi kazini. Ulichoandika kina jina kitabuni. Tangu 2013 kimewekwa rasmi kwenye orodha ya Marekani ya magonjwa ya akili kama ugonjwa unaojitegemea: kula chakula kingi kwa muda mfupi, kuhisi huwezi kuacha, kula haraka, kula peke yako kwa aibu, kuumwa roho baadaye, na bila kujitapisha. Ikitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, inaitwa ugonjwa. Sikupimi kwa simu. Nakwambia tu kwamba ukiingia kliniki ukasema "nataka kupungua", utapewa karatasi ya lishe, ambayo wewe unaijua kuliko aliyeiandika. Ukiingia ukaeleza la mlango uliofungwa na karatasi chini ya ndoo, utapelekwa meza nyingine.

Meza hiyo Muhimbili ipo, kitengo cha afya ya akili. Jamani, siyo kwa vichaa, acheni huo woga. Tiba inayotangulia kwa hali hii ni ya mazungumzo, ile ya kufuatilia wazo linaanzia wapi na linakupeleka wapi, wiki kwa wiki. Haina waya. Inachosha, na kwa wengi inasaidia kupunguza yale matukio, ingawa kilo peke yake huwa haizishushi sana. Kilo zinashughulikiwa na mwenzake, daktari wa ndani. Hao wawili ndio unaowatafuta kwa pamoja.

La chakula: kusema "usile kabisa mpaka jioni" ni kuchochea moto. Kwenye maelezo yako sioni kitu chochote kati ya mchana na saa ya gari. Uji asubuhi, ugali wa ngumi saa saba, halafu foleni mpaka saa mbili usiku. Saumu ya Ramadhani ina futari inayokusubiri kwa saa inayojulikana na watu mezani, hii yako haina. Kula kitu saa kumi na moja, kabla hujafunga duka. Yai, karanga, parachichi. Haitamaliza shida ila itaipunguzia kuni.

Kuhusu sindano za kupunguza uzito mnazozisikia, semaglutaidi na tirzepataidi. Hizo zinafika kwenye njaa na kwenye ubongo pia, wagonjwa wengi wanasema zile kelele za chakula kichwani zinanyamaza. Fundi hakutaja hili: mwaka 2025 kundi lile lile la Pennsylvania lilichapisha habari za mgonjwa mmoja aliyekuwa na nyaya ubongoni na huku anatumia tirzepataidi. Kwa miezi kadhaa lile wimbi lilitulia na mawazo ya chakula yakaondoka, kisha vyote viwili vikarudi na dawa bado anaitumia. Mtu mmoja hathibitishi kitu, lakini inamkumbusha anayedhani sindano ni mwisho wa safari.

Na msinunue sindano kwenye magrupu ya simu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia (Ozempic ndiyo hiyo semaglutaidi) iliyokutwa hata Uingereza na Marekani. Kama kule imepenya, kwenye friji ya mtu wa Sinza itashindwa nini?

Kamanda, tamaa na ugonjwa vinaweza kukaa kwenye mwili mmoja, mwanangu. Hata malaria inampata mvivu.

Kamanda_Temeke

Sista shikamoo. Mimi nilisema kwa upande wa nidhamu tu, bado nasimamia hapo. Ila hiyo ya kula saa kumi na moja nitaijaribu, mimi mwenyewe nikirudi usiku sufuria linanijua.

SistaUpanga

Marahaba. Haya, usile kwa kusimama jikoni basi. Pakua, kaa.

MamaSegerea

Nimesoma yote mara mbili, nyingine nimesomea ndani ya gari, konda kanipitisha kituo.

Fundi, nimefanya ulivyosema. Nimempigia yule kijana nikamuuliza miliampia ngapi. Kimya. Nikamuuliza sponji inakaa wapi kwa mtu mwenye rasta. Anasema haina sponji, "ni mpya zaidi". Nikamuuliza kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, akasema mzigo unatoka China hauna hayo mambo. Nikamwomba picha ya nyuma ya boksi, akatuma. Nimeambatisha hapo. Mimi naona namba za betri na picha ya mwanamke anacheka.

FundiWaMashine

Dada, nimeikuza picha. Hiyo haipitishi umeme wowote kichwani. Imeandikwa mota nne, kasi tatu, betri ya kuchaji kwa waya wa simu. Ni mashine ya kukanda kichwa, inatetemeka tu. Ndiyo maana haina sponji na hana cha kujibu kwenye miliampia. Madhara haina, labda kwa mwenye kipandauso. Kwa habari ya hamu, haiwezi kugusa hata kidogo.

Kwa wengine mnaosoma: kifaa cha kweli cha umeme wa ubongo ni kifaa tiba, kinatakiwa kiwe na usajili wa TMDA, kina maandishi ya kiwango cha umeme, na kina orodha ya watu wasioruhusiwa kukitumia. Boksi lisilomkataza mtu yeyote liogopeni.

MamaSegerea

Mota nne!

Leo wakati wa mapumziko nimezunguka nikaionyesha ile picha kwa jirani zetu wa vifaa vya umeme, mtaa wa pili tu kutoka dukani kwetu. Ipo. Boksi lile lile, mwanamke yule yule anacheka. Elfu thelathini na tano, na ukichukua dazeni anakushushia mpaka ishirini na nane. Kijana wa watu anapata faida ambayo sisi kwenye vitenge hatujawahi kuiona.

Sista, asante sana. Bosi kanipa ruhusa Alhamisi, mwisho wa mwezi haujafika. Nitasema kama ulivyoniagiza, na la mlango nitalisema. BintiMbweni nakuja inbox, nataka kuuliza la sukari kabla ya puto.